Maswali ya Wasomaji: Mzee wa Mnara Anajibu

Toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kwamba mkulima mmoja wa chai hapa Tukuyu aliwahi kuwa mtunza mnara wa taa kwenye kisiwa kidogo upande wa Unguja. Barua zikamiminika. Tumempelekea, na amejibu kwa mkono wake.

Shikamoo mzee. Mtu amewekwa kisiwani na taa moja tu. Kutwa nzima anafanya nini, si kulala? (Kijana, Mbalizi)

Marahaba, mwanangu. Kazi ile ni ya kitambaa na ndoo. Alfajiri napanda ngazi na maji ya mvua, maana ya bahari yanaongeza uchafu badala ya kuutoa. Msimu wa kusi upepo hurusha chumvi hadi kwenye vioo vya juu kabisa, na chumvi ikigandia, mwanga unafifia. Mavi ya ndege nayo usiseme. Nikimaliza vioo vya nje naingia kwenye lenzi yenyewe: mapande ya kioo yaliyopangwa duara juu ya duara kukusanya mwanga na kuutupa mbali. Hiyo haishikwi kwa kidole. Kitambaa kikiwa na punje moja ya mchanga, umekwaruza, na duka la kununua nyingine halipo.

Baadaye ni kutu. Unakwangua, unapiga msasa, unapaka rangi. Ukifika upande wa pili, ule wa kwanza umeshaanza tena. Jioni daftari: taa imewaka saa ngapi, upepo unatoka wapi, meli gani imepita. Kulala ni mchana kidogo, kama mke wangu hana kazi ya kunipa.

Kaka, ulikuwa unaamka usiku kuiwasha na kuizima? Na ilitumia mafuta ya taa? (Mama wa Makambako)

Dada yangu, zamani ndivyo ilivyokuwa. Mnara wa Chumbe, kwa mfano, ulijengwa mwaka 1904, na mwaka 1926 ukabadilishwa kuwa wa gesi. Wangu nao niliukuta wa gesi ya asetilini, ile ile wanayochomelea mafundi wa Mwanjelwa. Mitungi ililetwa kwa mashua, tukaibeba begani kutoka ufukweni.

Kilichonishangaza ni kwamba taa ilijiwasha yenyewe. Msweden mmoja, Gustaf Dalén, alitengeneza kifaa chenye fimbo nne za chuma: tatu zinang'aa, moja nyeusi. Jua likitoka, ile nyeusi inameza joto, inarefuka kuliko wenzake, inasukuma na kufunga gesi. Giza likiingia inanywea, gesi inafunguka, na kimoto kidogo kisichozimika kinaiwasha taa kubwa. Hakuna umeme wala saa. Siku za masika wingu likiwa zito, taa ilikuwa ikiwaka saa saba mchana, na wavuvi wakinitania kwamba nimelewa. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912, na mwaka huo huo mlipuko wa asetilini ukampofusha. Ndiyo maana sheria yangu nyumbani ilikuwa moja: ukisikia harufu ya kitunguu saumu na hakuna aliyepika, zima jiko, toka nje.

Upweke, ambao wengi mmeuliza, haukunisumbua. Nilikuwa na familia na redio. Nilichokosa ni baridi. Mtu wa Rungwe kulala bila blanketi mwaka mzima ni adhabu. Na maziwa mtindi.

Shikamoo babu. Kwa nini wasijenge mnara juu ya Mlima Rungwe, uonekane mbali zaidi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Uyole)

Marahaba, mjukuu wangu. Swali zuri, chukua kalamu. Chukua urefu wa taa kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili na kidogo: hizo ndizo maili za baharini hadi upeo wa macho. Taa ya mita 25 inakupa kama maili 10. Rungwe ina mita 2,960 hivi, kwa hiyo kama maili 110, zaidi ya kilomita 200. Bado hujafika hata nusu ya njia ya kwenda baharini.

Lakini shida kubwa unaijua wewe mwenyewe, maana umepita Isyonje asubuhi. Ukungu! Kule Cape Point, Afrika Kusini, walijenga mnara wao juu sana, zaidi ya mita 200 kutoka baharini. Mawingu yakawa yanaufunika huku chini kukiwa kweupe. Mwaka 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania ikagonga mwamba pale. Wakajenga mwingine chini, mita 87 tu. Taa ya baharini inakaa chini ya wingu, siyo ndani yake.

Mzee, kazi hiyo bado ipo? Naweza kuomba? (Msomaji, Mafinga)

Ya kuishi pale na familia, sikushauri uisubiri. Minara mingi sasa ina paneli za jua na taa ndogo zinazojiendesha; fundi huja kwa boti, akague, aondoke. Kama bahari inakuvuta kweli, soma umeme, kisha uulizie Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Na ujifunze kuogelea kabla hujashuka huko; mimi nilijifunzia kazini, na mke wangu hadi leo hajanisamehe.