Baridi inazoeleka, giza ndo kazi

Mmeuliza wiki hii ni kitu gani kilitusaidia kuzoea baridi tulipohamia mahali papya. Mimi nimetoka Mombasa nikaja Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, nikafika majani ndo yanaanza kugeuka rangi, na kila mtu alikuwa ananitisha na theluji, hakuna hata mmoja aliyenitajia giza.

Manake huku Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, basi kuanzia hapo jua linazama kabla hata haijagonga saa kumi na moja jioni. Sisi watu wa pwani mwaka mzima maghribi ni saa kumi na mbili na kitu, sasa huku umeswali alasiri hujakaa vizuri maghribi hii hapa. Mwili unakuwa mzito, unataka kulala tu, hata simu za nyumbani unaona uvivu kupokea.

Aliyenitoa ni jirani yangu, mama wa Kisomali, ameishi sana Eastleigh kule Nairobi kwa hiyo Kiswahili anakijua. Alikuwa anakuja kunigongea mchana, Oktoba hiyo, ananiambia mwanangu vaa twende, ukijificha ndani saa hizi Januari utalia. Tunazunguka mtaani tu, tunarudi tunakunywa chai. Na ni kweli kabisa mwili unajifunza, digrii 10 za Oktoba zilinitetemesha vibaya lakini digrii 10 hizohizo zikirudi Aprili unakuta watu wako nje na kaptula, na mimi siku hizi sweta linanitosha. Kwa hiyo jibu langu ni hilo, toka nje mchana jua likiwepo, na uanze mapema, usingoje theluji.

Nguo nazo zina mpango wake. Nguo nyepesi mbili tatu juu ya nyingine zinashinda jaketi moja zito, na soksi ziwe za sufu, za pamba zikishika jasho hazikauki upesi na miguu inaganda. Vitamini D muulize daktari, sisi weusi ngozi yetu inataka jua zaidi kuitengeneza na jua la huku miezi ya baridi ni hafifu mno.

Halafu hili naomba mlisome vizuri nyie mnaopanga nyumba hapa Minnesota, kwa sababu nawaona wageni wanalala na makoti wanaogopa kusema: kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30 sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto ndani halishuki chini ya Farenhaiti 68, yaani kama 20 zetu za Selsiasi. Hiyo si hisani yake. Ukiona nyumba imepoa mwandikie meseji, na hiyo meseji uiweke usiifute, na kama hajibu na uko Minneapolis, piga simu 311, namba ya huduma za jiji, uwaeleze.