Rangi Inabanduka Kwenye Manowari ya Plastiki

SWALI: Mhariri, ninaunda modeli ya manowari ya Kijerumani, Bismarck, kwa uwiano wa 1:350. Rangi ya kijivu inabanduka ubavuni, na ile niliyoipuliza wakati wa masika imefanya ukungu mweupe. Nifanyeje?
Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, rangi hubanduka mara nyingi kwa sababu ya mafuta ya kalibu (umbo ambamo vipande vya plastiki hutengenezwa kiwandani) yaliyobaki juu ya plastiki. Kwangua iliyolegea, piga msasa laini, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na ikishakauka kabisa upake praima (rangi ya msingi) nyembamba. Ukungu nao huletwa na unyevu wa pwani yetu: kiyeyushi kinapokauka haraka hupoza uso wa rangi, na mvuke wa hewani ukawa matone papo hapo. Puliza mchana mkavu; masika tumia brashi tu.

Kabla ya kurudia, amua unaiunda meli ya siku ipi, maana milia yake nyeusi na nyeupe ilifunikwa kwa kijivu Mei 1941, siku chache kabla ya kuzama tarehe 27. Ukiitaka milia, tangulia na nyeupe, kwani nyeusi huifunika kwa urahisi.