Kabla hujalipa kodi, rudi ukakione chumba usiku

Shuleni tulikaririshwa mahitaji ya lazima ya binadamu: chakula, mavazi na malazi. Malazi yalitajwa mwisho, na wengi wetu tukaendelea kuyaweka mwisho. Simu kali kwanza, kisha kochi, halafu ndipo tunauliza kama paa linavuja. Nimepanga vyumba vingi Dar es Salaam, Mbagala hadi Sinza, na siku hizi chumba nakipima kwa usingizi nitakaoupata. Usipolala vizuri, kazini unasinzia, unagombana na watu, na watoto wanakwenda shule macho mekundu.

Anza kwa kutazama juu. Bati lisilo na dari huchomwa na jua kutwa, na saa nne usiku bado linashusha joto. Ukifungua dirisha mbu wanaingia, ukilifunga unaoga jasho. Halafu angalia madirisha: yapo mawili ya kupitisha upepo, au ni moja tu linalochungulia ukuta wa jirani? Wavu mzima ni muhimu kuliko vigae. Vigae havizuii malaria.

Dalali atakupeleka asubuhi, jua likiwaka, chumba kimepakwa rangi jana. Mwambie utarudi. Rudi usiku ujue kama jirani yako ni baa, na ikiwezekana rudi mvua ikinyesha. Kwa Dar hilo si jambo la mzaha: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Pitisha mkono ukutani nyuma ya mlango, usawa wa goti. Rangi iliyovimba na unga mweupe wa chumvi vinakuambia ukuta huo unakunywa maji. Kisha nunua vitumbua kwa mama wa pale nje, umuulize masika maji hufika wapi. Yeye hana cha kupoteza. Dalali anasubiri malipo yake, sawa na kodi ya mwezi mmoja.

Wenzetu wa Kenya wameiandika haki ya makazi katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010. Wewe mpangaji wa uswahilini, ngao yako ya kila siku ni mkataba. Mimi niliwahi kuambiwa nipishe, mtoto wa mwenye nyumba anarudi, na kodi yangu ilikuwa haijaisha. Kilichonisaidia ni karatasi yenye tarehe, kiasi nilicholipa, muda wa notisi na muhuri wa serikali ya mtaa. Nililala humo hadi siku yangu ya mwisho.

Ah, na LUKU, umeme wa kulipia kabla: uliza mita moja mnachangia wangapi.

Kodi ya miezi sita kwa mkupuo ikikulemea, omba miezi mitatu. Ila usiombe mbele ya dalali. Nenda jioni peke yako, mwamkie baba mwenye nyumba, mzungumze.