Hasira si Damu, na Rangi si Tabia

Binti yetu wa kwanza alizaliwa hapa Iringa mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza. Shangazi yangu alimfunua blanketi upande mmoja tu, akalikunja sikio lake kwa kidole na kuitazama rangi ya ncha yake, kisha akatazama mashina ya kucha. "Huyu atakuwa mweusi kama babu yake," akasema, akamfunika tena. Hakusema kwa ubaya, kwani ndiye aliyekesha na mke wangu siku tatu mfululizo akimpikia uji. Lakini watu wote chumbani walinyamaza kidogo, kana kwamba wameletewa habari ya maradhi, na mimi niliye baba wa mtoto nikanyamaza pamoja nao.

Ukimya ule ulinirudia miaka saba baadaye. Nilimkuta binti yangu uani, kando ya beseni la maji, akijisugua kiwiko kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka ngozi imechubuka. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba anataka atakate kama binti wa baba yake mdogo, ambaye wageni wakija humwita "mzungu wetu" na kumpakata. Hakuna aliyewahi kumtukana mwanangu kwa weusi wake. Alikuwa amesikiliza tu ni nani anayesifiwa na kwa kitu gani, akapata jibu lake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilianza kuyachunguza maneno yanayosemwa nyumbani kwangu, na zito kuliko yote lilikuwa langu mwenyewe. Mimi ni Mhehe, na mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Tulipotaka kuoana, mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye bado anaitunza kadi yake ya TANU na anayezikumbuka ahadi za mwanachama kuanzia ile ya kwanza isemayo kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, alimwambia mshenga wetu kwamba wanawake wa kule hawatawaliki. (Leo akiugua, ni mke wangu anayempeleka hospitali.) Niliumizwa sana na kauli ile, lakini mimi pia nilikuwa na yangu. Kila nilipofoka au kumpiga mtoto nilisema, "Ndizo hasira zetu za Kihehe," na marehemu baba yangu alisema hivyo hivyo kabla yangu.

Jioni moja kijana wetu, akiwa na miaka tisa, aliangusha chupa ya chai ikapasuka. Nilikuwa nimekwisha kuuvua mkanda mke wangu aliposema kwa sauti ya chini, "Baba Neema, bosi wako amekutukana mara ngapi mwaka huu? Mbona damu hiyo huwa haichemki ofisini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Wiki hiyo hiyo niliitwa shuleni, kwa kuwa kijana alikuwa amemvunja mwenzake jino wakigombania gololi. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Baba, si ndiyo damu yetu?"

Jumamosi iliyofuata niliwapeleka watoto Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini, kwenye makumbusho linakotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Watu wengi hutaja kifo chake, namna alivyojipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kana kwamba kinathibitisha ukali ulio ndani ya damu ya kila Mhehe. Niliwaeleza habari nzima kwa utaratibu. Mkwawa alijenga ngome, aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na ngome ilipoanguka mwaka 1894 aliendelea kuwakwepa kwa miaka minne. Mtu anayetawaliwa na hasira hawezi kustahimili hivyo.

Niliwaeleza pia kuhusu fuvu lenyewe. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe, lakini lilifika Kalenga mwaka 1954 tu, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuwa amelichagua katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokusanywa zama ambazo wataalamu waliamini kwamba ukipima kichwa cha mtu utaijua akili yake na tabia ya watu wake. Elimu hiyo imekwisha kukataliwa. Mwaka 1972 Richard Lewontin, mwanasayansi wa Marekani aliyechunguza urithi wa viumbe, alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kurithi kati ya binadamu zimo ndani ya kila jamii, baina ya jirani na jirani. Nikiwa mbele ya fuvu lile nililikumbuka sikio la binti yangu katikati ya vidole vya shangazi.

Sipingi utani. Wahehe na Wangoni hutaniana kwa maneno makali, lakini mtani huyo huyo atakusaidia msibani, na kila upande unazijua kanuni. Mtoto husikia neno lile lile bila kuzijua kanuni zake, akalichukua kuwa maelezo ya jinsi alivyo. Kwa hiyo nawasihi wazazi wenzangu mpunguze sifa za rangi na umbo, mkitaje kitendo: amemsubiri mdogo wake, amesema kweli ilipomgharimu. Nanyi mkikosea, ombeni radhi bila kumsingizia babu. Mimi niliomba radhi mezani, mbele ya wote, nikakiri kwamba mkanda niliushika kwa hiari yangu. Shangazi naye nilimweleza faraghani, kwa heshima anayostahili, naye akasikitika kwelikweli.

Wiki iliyopita dada yake alimchania kijana wetu daftari la hesabu. Niliuona mkono wake ukipanda, kisha akatoka nje, akasimama kando ya rundo la kuni, mikono kwapani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Baba," akasema, "nimekasirika sana. Kaa hapa nimwambie."