Aligeta la kale na mamba wa Sabaki

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Mimi msomaji wenu wa Malindi, juzi tumebishana barazani mpaka mtu kakasirika, mmoja ashikilia ati zamani kulikuwa na aligeta, yule mnyama wa jamii ya mamba, la mita 10 na zaidi na hawa mamba wa mto Sabaki ndio wajukuu zake. Mimi nilisikia hata huo ualigeta limenyang'anywa. Nani mkweli?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Ukubwa jamaa yako hajaongopa, ujukuu ndio hamna.

Lijinyama lenyewe laitwa Deinosuchus, jina lililotolewa na W. J. Holland mwaka 1909 kwa mifupa ya Montana, Marekani. Liliishi kama miaka milioni 82 hadi 73 iliyopita, zama za madainosari, na yale makubwa yanakisiwa kufika mita 10 au hata 12. Meno ya nyuma yalikuwa mafupi, manene, butu, ya kupasulia vitu vigumu, na kuna magamba ya kasa wa kale yamekutwa na alama zinazodhaniwa ni zake, maskini kasa.

Sasa ukoo. Kwanza waliliweka upande wa mamba, halafu kuanzia miaka ya 1990 likahamishiwa kwa aligeta, likatulia huko miaka mingi. Shida ni chumvi. Wakati ule bahari iliikata Amerika Kaskazini vipande viwili na mifupa ya Deinosuchus imepatikana pande zote mbili, na aligeta hawezi maji ya chumvi kwa muda mrefu, hana vile vitezi vya ulimini vya kutoa chumvi alivyonavyo mamba wetu, sasa lilivukaje? Mwaka 2025 watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, wakapanga ukoo upya wakiingiza visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale, vilivyorukwa hapo kwanza, wakalitoa kabisa: si aligeta, si mamba wa leo, ni tawi lililochepuka kabla hao wawili hawajaachana. Mimi naona imekaa sawa kuliko mwanzo. Kwa mamba wa Sabaki basi ni kama ami wa mbali mno, babu sio.

Na akisema Sabaki kuna aligeta, mwonyeshe picha: mamba akifunga mdomo, jino la nne la taya la chini laonekana nje, la aligeta hujificha. Picha lakini, asiende kuchungulia ukingoni.