Maswali yenu: Kutoka Fuso hadi semi za Kongo

SWALI: Naendesha Fuso hapa Dar mwaka wa 4, leseni yangu ni daraja D. Nataka kuhamia semi (malori ya tela) za Kongo, madereva wake wanalipwa vizuri. Nianzie wapi?

JIBU: Daraja D halikuruhusu gari zito, unahitaji E. Pitia kozi ya magari makubwa NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au VETA, kwa sababu kampuni makini huomba cheti hicho kabla hata hazijatazama leseni. Andaa pia pasipoti na kadi ya homa ya manjano.

Siku ya usaili utapewa gari, si maswali. Wengi huangushwa na kurudi nyuma na tela: ukitaka mkia uende kushoto, usukani unaanzia kulia, kidogo kidogo. Tela likishakunja sana usilazimishe, songa mbele ulinyooshe uanze upya. Kabla ya kuwasha injini shuka, kagua mipira ya breki, pini ya tela, nati za magurudumu. Mkaguzi anakutazama tangu hapo.

Jua na vikomo vya mizani: ekseli ya mbele isizidi tani 8, mbili za nyuma za kichwa 18, tatu za tela 24. Jumla ikiwa sawa lakini mzigo umelemea ekseli za sehemu moja, kwenye mizani ya Vigwaza utakwama.

Usidanganywe na mshahara pekee. Uliza posho ya safari, lita za dizeli wanazokupimia (zikipungua anakatwa nani?), na siku za foleni ya mpakani Tunduma kama zinalipwa. Yote yawe ndani ya mkataba.