Mada ya tasnifu: Serikali kuhamia Dodoma

Mdogo wangu, umeuliza kama "Athari za Serikali kuhamia Dodoma" inatosha kuwa mada ya tasnifu ya uzamili. Inazidi! Uamuzi ulipitishwa 1973, Dodoma ikawa jiji 2018. Hapo katikati kuna tasnifu kumi.

Kata kipande kimoja. Kwa mfano, wakulima wa zabibu wa pembezoni mwa jiji ambao mashamba yao yamepimwa viwanja: sasa wanaishi kwa kipato gani? Hapo unao watu wa kuhoji, na unawafikia kwa daladala. Nauli usiidharau hata kidogo. Mimi nilichagua wafugaji wa Kondoa, fedha zikaisha katikati ya mahojiano, nikabadili mada na kupoteza miezi saba. Iliniuma sana.

Kama unakijua Kigogo, hiyo ni hazina, kwani wazee watakueleza mengi ambayo dodoso haliyapati.

Kabla ya kuandika pendekezo, pitia maktaba usome sura za mwisho za tasnifu za karibuni, pale wanapotaja yaliyobaki kuchunguzwa. Barua ya kibali ya kupeleka kwa katibu tawala iombe mapema, huchelewa.